Marejeo ni Ngamani

Wazee wa pwani wana mithali isemayo, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, na omo ni mbele yake, ngama ni pale chini kabisa, ndani ya tumbo la chombo, pakusanyikapo maji yavujayo. Watu wengi huitumia mithali hii kwa habari ya mtu atangaye huku na huko, kisha hurudi kwao. Sisi tuliifahamu kwa maana yake ya kwanza, tena kwa hofu kuu, usiku mmoja baina ya kisiwa cha Fundo na mji wa Wete, huku Pemba. Twataka kuwaeleza habari ya usiku ule, na kazi tuliyojifunza kwa ajili yake. Kwani katika nyumba nyingi za kisiwa hiki mna chombo, na penye chombo hapakosi mtu asemaye, "Nitakisafisha kesho."

Ninyi msiopafahamu kwetu, jueni ya kuwa Pemba ni kisiwa cha vilima, na upande wa magharibi bahari imeingia ndani ya nchi kwa hori nyingi zenye mikoko. Pembezoni mwake viko visiwa vidogo vikaliwavyo na watu, kama Fundo, Kojani, Makoongwe na Kisiwa Panza. Mtu wa huko akitaka soko, au akitaka mganga, hapana budi avuke maji. Mwalimu akipewa shule huko, naye huvuka. Kwa hiyo kwetu chombo ni njia, kama vile barabara ilivyo njia kwa watu wa bara.

Baba yetu alikuwa na mashua moja, ya tanga, iliyoundwa kwa mbao za mvule na mataruma ya mtondoo. Kwa mashua ile alivua samaki, akachukua magunia ya karafuu wakati wa mavuno, akavusha watu. Sisi tu ndugu watatu wanaume, na dada yetu mmoja, naye ni mdogo wetu. Tangu utoto wetu baba alitufundisha kazi nne za kuitunza mashua: kazi ya kila siku, kazi ya kila juma, kazi ya kila bamvua, na kazi ya kila mwaka. Twakiri ya kuwa tuliichukia kazi ile. Wenzetu walipokuwa wakicheza pwani siku ya Jumamosi, sisi tulikuwa tumepiga magoti ndani ya mashua, tumefunua mbao za kukanyagia, mikono imeingia katika maji meusi yenye uvundo. Siku moja mkubwa wetu akamwambia, "Baba, mbona mashua ni safi? Juma lililopita tuliiosha." Baba akajibu, "Mwanangu, naiosha nipate kuiona. Mkono uoshao ndio uonao ufa. Jicho la mtu apitaye halioni kitu."

Hatukulitia neno lile moyoni. Hata baba alipofariki, mwaka wa kwanza tuliishika desturi yake kwa heshima. Mwaka wa pili tukaanza kulegea. Mmoja wetu alikuwa na shamba lake, wa pili alikuwa akifanya biashara Chake Chake, wa tatu ndiye aliyekuwa akivua. Kila mmoja alidhani mwenziwe amefanya. Bamvua ya kwanza ilipita, tukasema, "Mvua nyingi." Ya pili ikapita, tukasema, "Karafuu zimeiva." Ya tatu na ya nne zikapita, wala hatukusema neno, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuzoea. Mashua ilikwenda kama kawaida, au tulidhani hivyo. Ilikuwa nzito kidogo, nasi tukalaumu upepo.

Sasa sikilizeni habari ya usiku wenyewe. Dada yetu ameolewa Fundo. Ulikuwa wakati wa kusi, naye alikuwa mja mzito, siku zake zimetimia. Uchungu ukamshika tangu asubuhi, hata jioni mtoto hakutoka. Mkunga wa kijiji, mama mwenye busara, akatwambia, "Wanangu, hili limepita uwezo wangu. Mpelekeni hospitali ya Wete usiku huu huu." Shemeji yetu alikuwa safarini Tanga. Basi sisi watatu tukatandika mkeka mbele, karibu na omo, tukamlaza dada yetu na mkunga kando yake, tukatweka tanga.

Kutoka Fundo kwenda Wete wakati wa kusi, upepo hukukabili. Yakupasa kwenda bisho, mara upande huu, mara upande huu. Tulikuwa hatujafika nusu ya njia, dada yetu akasema, "Kaka zangu, mkeka umeloa." Tukamjibu, "Ni rasharasha ya mawimbi tu, dada." Tukatazama katika banduru, yaani pale mahali palipo wazi pa kufulia maji, tukaona maji kidogo tu, kama yalivyokuwa siku zote. Tukatulia. Baada ya kitambo akasema tena, "Kaka zangu, maji yamenifika mgongoni." Hatukumsadiki, kwa maana banduru ilikuwa karibu kavu. Ndipo tulipotaka kugeuza mashua iende bisho la upande wa pili, nayo haikugeuka. Haikusikia usukani. Ilitia kichwa chini kila wimbi lijapo, kama ng'ombe anywaye maji, na kila mara ilikawia zaidi kuinua kichwa chake.

Yule mkunga ndiye aliyefahamu kwanza. Akasema kwa sauti kuu, "Funueni mbao!" Tukamwinua dada yetu, tukafunua mbao za mbele. Wasomaji wetu, chini ya mbao zile mlikuwa na maji hata kiwiko, na ndani yake vipande vya wavu mkuukuu, na gunia bovu, na makumbi ya nazi, na magamba ya samaki wa miezi mingi. Takataka hizo zilikuwa zimeziba matobo yaliyo chini ya mataruma, ambayo kwayo maji ya mbele hupita kwenda banduruni. Kwa hiyo maji yalikuwa yakiingia mbele na kukaa mbele. Tulipotazama banduru tulidhani twaitazama mashua yote, kumbe twatazama mahali pamoja pakavu katika chombo kinachozama.

Tukayazibua matobo kwa vidole gizani, na kucha zetu zikachubuka. Maji yakaja kwa nguvu hata banduruni. Wawili wakafua maji, mmoja kwa upo wa baba, mmoja kwa sufuria ya mkunga, wa tatu akashika usukani. Tulifua maji hata tukafika Wete alfajiri. Maji ya pwani yalikuwa yamekupwa, tukambeba dada yetu mabegani katika tope. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, mwanamume, mzima. Jioni tuliporuhusiwa kumwona mama yake, tulisimama mlangoni kwa haya. Alitutazama sana, kisha akasema maneno haya tu: "Baba angalifunua mbao."

Baada ya siku kadhaa tukaipandisha mashua pwani, tukamwita fundi mmoja mzee, aundaye vyombo. Tukamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia, akazunguka mashua yetu kimya. Chini yake palikuwa pameota mwani mrefu kama nywele, na vichaza vidogo vyenye makali vimeshika ubao kila mahali. Akachukua kisu, akakibonyeza katika ubao ulio karibu na mkuku, upande wa omo. Kwa nje ubao ule ulionekana mzima. Kisu kiliingia kama katika muhogo uliopikwa. Akakata kipande akatuonyesha: ndani mlikuwa matundu matupu, kama sega la nyuki. Tukamwuliza, "Fundi, mashua hii ilitoboka usiku ule?" Akajibu, "La, wanangu. Usiku ule ni siku ya kudaiwa tu. Deni lilianza siku mlipoacha kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Ilitubidi kuondoa mbao mbili na kutia mpya, na kukalafati upya upande ule wote. Zaidi ya mwezi mmoja mashua ilikaa juu, hatuvui wala hatuvushi. Tukipiga hesabu, kazi tuliyoikimbia ilikuwa saa moja au mbili kwa juma. Hakika usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi sasa twawaandikia kazi zile nne, pamoja na sababu zake, kwa kuwa mtu asiyejua sababu huacha kazi upesi.

Kazi ya kwanza ni ya kila siku. Chombo kirudipo, maji ya ngamani yafuliwe yote, na damu na magamba ya samaki yaondolewe kabla ya kukauka. Ndani paoshwe kwa maji ya bahari. Wengine hudhani maji ya mvua ni bora kwa kuwa ni matamu; kwa chombo cha mbao sivyo. Kuvu ilayo mbao hupenda unyevu wa maji matamu, lakini chumvi huizuia. Kwa sababu hiyo chombo kikaacho wakati wa masika kimejaa maji ya mvua huoza upesi kuliko kile kiendacho baharini kila siku. Kifunikwe kwa makuti au kwa turubali, lakini paachwe nafasi upepo upite chini yake. Tanga likiwa limeloa lisikunjwe. Litandazwe likauke kwanza, maana tanga lililokunjwa na maji hushika ukungu, kisha huraruka siku utakayolihitaji.

Kazi ya pili ni ya kila juma. Sisi tumeichagua Jumamosi, kama alivyofanya baba. Mbao zote za kukanyagia zifunuliwe toka omo hata tezi, wala isiwe zile zifunukazo kwa urahisi tu. Taka zote zitolewe kwa mkono. Matobo ya chini ya mataruma yazibuliwe moja moja. Fundi yule alitufundisha hila moja njema: tumepitisha kamba nyembamba katika matobo yote, toka mbele hata nyuma, nayo hukaa humo daima, tukiivuta mara kadhaa huku na huku, taka zote hutoka. Kisha hutia ndoo moja ya maji mbele, tukahesabu kimya kimya hata maji yafike banduruni. Yakikawia, twajua pana kizuizi. Siku hiyo hiyo hutazamwa kamba zote, henza na demani, hasa pale zipitapo katika kapi au zisuguanapo na mbao, maana ndipo zikatikapo.

Kazi ya tatu ni ya kila bamvua. Wakaao pwani wajua ya kuwa mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu tofauti yake yaweza kufika kama mita 4. Baba aliuita mwezi "karani wa mashua," kwa kuwa hasahau siku. Chombo huletwa pwani maji yajaapo, hutiwa magadi kila upande kisianguke, na maji yakupwapo hubaki kimesimama pakavu. Tangu maji kujaa hata kupwa ni kama saa 6, na muda kama huo mpaka yajae tena. Basi hapana wakati wa kuongea. Kila mtu na awe na chombo chake cha kazi tayari.

Mwani na vichaza vikwanguliwe mara, vingali vimeloa, kwani vikikauka hushika kama saruji. Na tusidharau hata ule utelezi mwembamba wa kijani, maana huo nao hukishika chombo na kukipunguza mwendo. Vile vichaza vidogo, ijapokuwa tumezoea kuviita hivyo, wataalamu wasema si jamii ya chaza, bali ni ndugu za kaa na kamba; akiwa mchanga huogelea, kisha hujigandisha kichwa juu ya ubao, wala hahami tena maisha yake yote. Charles Darwin, yule mtaalamu Mwingereza, aliwachunguza viumbe hawa muda wa miaka 8, tangu 1846 hata 1854. Sisi tuwachukiao kwa saa moja tu, na tusione ni wengi wa kazi.

Lakini adui aliye mkubwa haonekani. Ni yule mdudu atoboaye mbao, ambaye naye, kwa ajabu, si mdudu wala si mnyoo. Huyu ndiye wa jamii ya chaza na kombe, ijapokuwa mwili wake ni mrefu kama mnyoo. Huingia katika ubao akiwa mdogo sana, kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, kisha hukua ndani, akichimba na kula mti, wala hatoki. Ndiyo sababu ubao wetu ulionekana mzima. Tena chombo kikipandishwa pwani, yeye huziba mlango wake, akaweza kukaa hai siku nyingi. Kwa hiyo jua peke yake halitoshi. Wazee wetu walijua dawa: kuchoma. Makuti makavu huwashwa, na moto wake hupitishwa chini ya chombo upesi upesi, hata ubao upate moto sana na kutoa mvuke, lakini usiungue. Mtu mmoja achukue mwenge, na wawili wamfuate na ndoo za maji na magunia yaliyoloa. Watoto wakae mbali. Nasi twaongeza onyo la siku hizi: chombo kilichopakwa rangi za dukani kisichomwe, maana moshi wake ni sumu, na mashua za faiba zisikaribiwe na moto hata kidogo.

Ubao ukiisha kupoa na kukauka, hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, chini yote mpaka mahali maji yanapofika. Juu yake na ndani hupakwa sifa, mafuta yatokayo katika maini ya papa. Harufu yake kila mtu aijua! Lakini desturi hii ina heshima ya zamani sana. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi, alipovuka Bahari ya Sham mwaka 1183, aliandika habari za vyombo vya huko vilivyoshonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari, akasema hupakwa mafuta, na yaliyo bora ni ya papa. Mitepe ya pwani yetu nayo ilikuwa ya kushonwa namna hiyo. Leo papa wamepungua baharini, na sifa si rahisi kupatikana. Wengi hutumia rangi. Vyovyote upakavyo, usipake juu ya uchafu wala juu ya unyevu. Hiyo ni kuficha ugonjwa, si kuuponya.

Kazi ya nne ni ya kila mwaka, wakati bahari ichafukapo na safari zipunguapo. Hapo kalafati yote hukaguliwa. Pamba iliyolegea hutolewa; nyingine husokotwa, hutiwa mafuta, hushindiliwa katika maungio ya mbao kwa chembeu na nyundo, wala si kwa nguvu nyingi, maana pamba iliyoshindiliwa mno huweza kupasua ubao ukivimba. Misumari hutazamwa: ukiona machozi mekundu ya kutu yametiririka, jua msumari huo waliwa. Usukani huondolewa, na vyuma vyake husafishwa. Na kila ubao ulio chini ya maji hubonyezwa kwa ncha ya kisu, shubiri kwa shubiri. Hii ndiyo kazi ichukuayo siku nyingi, lakini aliyezishika zile tatu huiona nyepesi.

Mataifa makubwa nayo yamepigana na adui huyu huyu. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa bati za shaba chini yote, wapate kuwazuia wadudu. Shaba iliwazuia kweli, lakini ilikula misumari ya chuma, ikawabidi kutafuta misumari ya namna nyingine. Baadaye sana, katika karne ya 20, zikapatikana rangi kali zilizouwa kila kioteacho juu ya meli. Hata ikaonekana ya kuwa sumu yake yaharibu konokono na chaza walio baharini, na mataifa yakapatana mwaka 2001 kuzikataza, na mapatano hayo yakaanza kutumika mwaka 2008. Twayataja haya ili mtu asidhani ya kuwa iko dawa moja itakayomwondolea kazi ya kuinama. Kila dawa bado yataka mtu wa kuitazama.

Na neno hilo la sumu latuhusu sisi pia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mama zetu wa visiwa hivi hulima mwani katika maji ya kina kifupi, na wengi wamesomesha watoto kwa fedha ile. Tukikwangua rangi kuukuu na kuiacha ichukuliwe na maji, au tukimwaga baharini mafuta machafu ya mashine, twaitia taka shamba la jirani. Sisi hutandaza turubali chini ya mashua kabla ya kukwangua palipo rangi, na takataka zote huzikwa mbali na maji. Mafuta ya mashine huwekwa katika dumu. Chombo kisafi kilichochafua pwani hakijasafishwa bado. Uchafu umehamishwa tu.

Limebaki jambo moja, nalo kwetu ndilo lililotufaa kupita yote. Tuliona ya kuwa hatukushindwa kwa uvivu peke yake. Tulishindwa kwa kuwa tulikuwa watatu. Kitu cha mmoja kina mwenyewe. Kitu cha watatu, kila mtu humwachia mwenzake. Basi tulinunua daftari ndogo ya shule, tukaifungia katika mfuko usioingia maji, nayo hukaa mashuani. Afanyaye kazi huandika siku, na kazi aliyoifanya, na jambo aliloliona, kisha hutia jina lake. Hata kama hakuona kitu, huandika, "Sikuona kitu." Walimu msomao habari hii mtacheka, kwa maana ninyi mmezoea daftari ya mahudhurio; lakini nasi tumeona ya kuwa kazi isiyoandikwa ni rahisi kudhaniwa kuwa imefanywa. Katika daftari ile twaweza kuona ya kuwa ufa mmoja karibu na tezi ulianza kama unywele, na siku gani ulitiwa pamba. Tangu tulipoanza, mashua yetu haijapata kukaa juu mwezi mzima kwa matengenezo.

Dada yetu alikataa kupanda mashua ile muda mrefu. Akija Wete alipanda vyombo vya watu wengine, nasi hatukumlaumu. Siku moja akatokea pwani ya Fundo, mtoto wake mgongoni, akasimama majini karibu nasi, asiseme neno. Tukamwambia, "Karibu, dada." Hakuitika. Akaweka mzigo wake, akaingia mashuani, akaenda mpaka mbele, akafunua mbao kwa mikono yake mwenyewe. Akatia mkono chini, akapapasa matobo yote ya upande ule, moja baada ya moja. Kisha akaitazama ile kamba nyembamba, akaivuta, ikaenda. Akarudisha mbao, akakaa juu yake, akasema, "Haya, twekeni."

Tangu siku hiyo hufanya hivyo kila apandapo, mbele ya watu wote, wala hatuoni haya. Kuna na abiria wengine walioanza kumwiga. Yule mtoto aliyezaliwa siku ile sasa yuko shuleni, na Jumamosi huja kufanya kazi pamoja nasi. Mkono wake ni mdogo, hupenya mahali ambapo yetu haipiti. Juma lililopita alinung'unika, akauliza kwa nini tunafunua mbao hali mashua ni safi. Tukatazamana sisi watatu. Mkubwa wetu akampa jibu lile la baba, neno kwa neno, na mtoto hakulitia moyoni, kama sisi tusivyolitia. Lakini alifunua mbao.

Basi, ndugu zetu, mlio na chombo pwani, kesho maji yakikupwa, shukeni mkafunue mbao za mbele, mahali msipopatazama. Na ninyi msio na chombo, mtakapovuka, ombeni kuonyeshwa ngama kabla hamjaketi. Mwenye chombo aliye mwema hatakasirika.